Fundi Rudia na Lori la Dada Yake

Jina la Rudia alipewa na madereva, wala hawakulitoa kwa ubaya. Akikaza nati, aliiacha, akalizunguka lori kama mtu aliyedondosha kitu, kisha akarudi kuikaza nati ile ile. Breki alizipima mara tatu. "Ukimpelekea Rudia lori," walisema, "beba na godoro." Lakini walimpelekea, maana gari lililotoka mikononi mwake halikurudi kwa kosa lile lile, na katika gereji zilizojipanga kando ya barabara ya viwandani hilo halikuwa jambo dogo.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, mpole wa maneno, kucha nyeusi hata siku ya harusi. Gereji yake ilikuwa uwanja wa changarawe, paa la mabati upande mmoja, shimo la kufanyia kazi chini ya magari, kabati la spana, na benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ulikalishwa juu ya kipande cha tairi. Watu waliamini utaratibu ule alizaliwa nao. Ni mkewe tu aliyejua kwamba kijana aliyemuoa hakuwa hivyo. Yule alikuwa fundi wa haraka, mwenye mdomo, anayetaja ugonjwa wa injini kabla dereva hajazima. Alibadilika baada ya msiba wa shemeji yake. Mkewe alidhani ni huzuni.

Haikuwa huzuni peke yake, ilikuwa woga. Na aliyemwogopa kuliko wote ni dada yake.

Dada huyo alimpita miaka sita, na ndiye aliyemlea walipobaki yatima. Alimbeba mgongoni, alimfundisha kusoma, alimchapa ilipobidi. Mumewe, ambaye ndiye huyo shemeji, alikuwa dereva wa lori, akafa mlimani pamoja na mzigo wake miaka kumi na moja iliyopita. Dada alikaa ndani mwaka mzima, kisha akaenda kujifunza kuendesha magari makubwa. Ukoo ulipiga kelele. Akawajibu, "Watoto hawali rambirambi," na mjadala ukaishia hapo. Sasa aliendesha lori kuukuu la tani kumi la mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, akipeleka saruji upande wa pili wa mlima ule ule. Rudia hakuwahi kuligusa lori hilo. Kila alipoombwa alikuwa na sababu: mara kazi zimejaa, mara mgongo unauma.

Siku moja alasiri lori likaingia uwanjani bila kuomba ruhusa. Dada akashuka, leso shingoni, funguo mkononi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Linagonga."

Rudia aliacha kufuta mikono kwa kitambaa. "Linagonga lini?"

"Asubuhi tu, likiwa baridi. Linagonga kama mtu anayevunja mlango. Likishapata moto linanyamaza, kama mtoto aliyenyonya."

"Mpelekee fundi wa tajiri wako."

"Nimempelekea. Kasema ni baridi tu, injini za zamani ndivyo zilivyo. Wewe unasemaje?"

Kitambaa kilimponyoka Rudia. Aliinama kukiokota, akabaki ameinama kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji kitambaa, kwa sababu uso wake haukuwa tayari kuonekana. *Ni baridi tu.* Maneno hayo aliyajua. Aliwahi kuyasema yeye mwenyewe, papo hapo uwanjani, kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kupakia.

"Nasema liache hapa," alijibu alipoinuka. "Injini ya moto haisemi kweli. Njoo alfajiri, uliwashe wewe. Mtu yeyote asiliguse kabla."

"Keshokutwa napanda mlima na mifuko mia mbili."

"Nimesikia."

Hakulala vizuri. Mkewe alipomuuliza, alisema ni mbu.

Kulipopambazuka alikuwa tayari kando ya lori, kiganja juu ya chuma cha injini. Kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Dada alifika, wakasalimiana, akapanda. Rudia alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akaubana sikioni, maana chuma husafirisha sauti vizuri kuliko hewa. Akainua mkono.

Injini ilijivuta, ikashika, na papo hapo ikaanza. Ko! Ko! Ko! Ko! Sauti kali, kavu, yenye hasira. Moshi mweupe ulitoka nyuma ukafunika ukuta wa jirani. Mwili wa Rudia ulimtuma akimbie, miguu ikagoma. Akachukua spana na kitambaa, akaanza kulegeza nati za mabomba membamba yanayopeleka dizeli, moja baada ya nyingine, ili kila silinda inyimwe mafuta kwa zamu. Ya kwanza, kelele ile ile. Ya pili, ile ile. Alipolegeza ya tatu, dizeli ikachuruzika kitambaani na mlango uliokuwa ukivunjwa ukaacha kuvunjwa. Akaikaza, kelele ikarudi. Akailegeza tena, ikapotea.

"Nozeli," alimwambia dada yake alipozima. "Ya silinda ya tatu."

"Ndiyo nini?"

"Kidude kinachonyunyiza dizeli ndani. Kinatakiwa kitoe ukungu. Kikichakaa kinadondosha matone, injini ikiwa baridi matone yanajikusanya, halafu yanalipuka yote kwa mkupuo. Hicho ndicho kishindo."

"Basi si ugonjwa wa kufa."

Rudia alikuwa ameshachukua spana.

Alifungua nozeli akaipeleka kwa fundi wa pampu za dizeli, mtu mnene mcheshi mwenye kibanda cha tatu kutoka kwake. Fundi wa pampu aliifunga kwenye mashine yake ya kupimia, akabonyeza mkono wa mashine, wakatazama pamoja. Badala ya ukungu ulitoka mchirizi, ukakatika, ukadondoka.

"Hii hainyunyizi, inakojoa," alisema. "Tena inakojoa kwa shida, kama mzee. Mbona umesawajika hivyo? Si umeshaujua ugonjwa?"

"Nipe mpya," Rudia alisema.

Jioni nozeli mpya ilikuwa mahali pake. Dada alitaka kuondoka na lori. Rudia alikataa, alitaka kulisikiliza tena likiwa baridi. Dada alicheka, akasema sasa ameelewa kwa nini madereva wanabeba magodoro, akaenda zake.

Alfajiri ya pili fundi wa pampu naye alikuja, kwa udadisi tu. Dada alifika akiwa amevaa viatu vya safari. Kutoka hapo aliazimia kwenda moja kwa moja kupakia. Rudia safari hii hakuweka bisibisi juu. Aliingia shimoni chini ya lori, akaigusisha ncha upande wa chini wa injini, karibu na sampu, lile bakuli la chuma ambamo oili hulala usiku kucha.

"Washa!"

Injini ilishika. Kelele kubwa haikuwepo. Juu, dada alipiga makofi. Na chini, ndani ya sikio la Rudia, zikapita sauti nne au tano nzito, za ndani kabisa, kama mtu anayegonga ukuta kwa ngumi iliyofungwa nguo. Du. Du. Du. Du. Kisha oili ikapanda, kukawa kimya, injini ikanguruma vizuri kama iliyotoka kiwandani jana yake.

Alibaki shimoni, ncha ya bisibisi bado kwenye chuma. Alijua maana yake, kama kweli alisikia. Oili ikiwa imeshuka yote, chuma na chuma vinakutana bila godoro, na beringi iliyolika hugonga mapigo machache kabla oili haijapanda kujaza nafasi. Beringi hizo hushika mikono ya pistoni. Mmoja ukiachia wakati injini inavuta mzigo, injini hupasuka.

Lakini je, alisikia? Angeomba waizime na kuiwasha tena, lakini oili ilikwisha kupanda. Isingesema kitu mpaka ilale tena. Na kwa miaka kumi na moja alikuwa amezisikia sauti zile mara nyingi: kwenye majenereta, kwenye matrekta, kwenye cherehani ya mkewe. Hakujua tena ni wapi chuma kinaishia na woga wake unaanzia.

Alipotoka shimoni dada alikuwa bado juu, injini ikinguruma, mkono tayari kwenye gia. Rudia alikwenda akasimama mbele ya lori.

"Zima."

"Toka hapo, nachelewa."

"Zima dada. Kuna sauti nyingine, chini ya ile."

Alizima, akatoa kichwa dirishani. "Mimi sikusikia kitu. Fundi wa pampu, wewe umesikia?"

"Mimi nasikia tumbo langu tu, dada. Sijanywa chai."

"Basi. Kelele imekwisha, nimeisikia mwenyewe ikiisha. Wewe mdogo wangu maisha yako yote ni kuogopa. Unaogopa hadi nati. Watu wanasubiri saruji."

"Nahitaji kufungua sampu. Siku moja tu."

"Kwa sauti ambayo hakuna mwingine aliyeisikia? Nimwambie nini tajiri?"

"Mwambie lolote."

"Nipe sababu."

Rudia alimtazama fundi wa pampu. Fundi wa pampu, ambaye hakuwa mjinga, alisema kumbe ameacha kibanda wazi, akaondoka upesi. Wakabaki wawili. Kutoka gereji ya jirani redio ilikuwa ikisoma bei za mazao.

"Shemeji aliniletea lori lake," Rudia alisema.

"Lini?"

"Wiki mbili kabla ya ajali. Lilikuwa linagonga asubuhi. Nikakuta nozeli imekufa, nikabadilisha, kelele kubwa ikaisha. Ikabaki nyingine, ndogo, mapigo matatu manne. Niliisikia, dada. Naye aliisikia, akaniuliza. Nikamwambia ni baridi tu. Alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na haraka, na nilipenda kuonekana najua."

Dada aliondoa mkono kwenye gia.

"Polisi walisema breki. Lakini utingo wake, yule aliyeruka, alinishika mkono siku ya mazishi. Akaniambia kabla lori halijaanza kurudi nyuma, injini ilipiga kishindo, ikazima. Breki zilishindwa baadaye. Lori liliuzwa vyuma chakavu, sikupata kuifungua ile injini. Sikumwambia mtu. Hata mke wangu."

Alikuwa ameingojea siku hiyo miaka kumi na moja, na kila alipoiwaza dada alipiga mayowe, au alimrushia spana, au alimlaani kwa jina la mama yao. Dada hakufanya lolote kati ya hayo. Alichomoa ufunguo taratibu. Akashuka, akaketi kwenye ngazi ya mlango wa lori, akavua leso shingoni na kuikunja mara nne juu ya goti, akiinyoosha pembe kwa pembe.

"Umekula mezani kwangu," alisema mwishowe, sauti ya chini. "Miaka yote hii. Watoto wangu wanakuita mjomba."

"Ndiyo."

"Nami namlaumu mume wangu. Kila nikipanda ule mlima namwambia, kwa nini hukuangalia breki zako?"

Rudia aliinua macho kumtazama. Hapo ndipo alipoona alichokuwa amemnyang'anya, mbali na mume.

"Fungua," dada alisema.

"Dada, mimi..."

"Nimesema fungua hiyo injini. Mengine yatasubiri."

Rudia alimwaga oili kwenye karai, akapitisha vidole ndani yake, hakuona chembe ya chuma. Akashusha sampu. Boliti moja ilimponyoka, ikamdondokea usoni. Sasa woga ulikuwa na vichwa viwili: aliogopa kuikuta beringi mbovu, na aliogopa zaidi kutoikuta. Kama zote ni nzima, basi amempasua dada yake moyo kwa sababu ya sauti iliyokuwa ndani ya kichwa chake.

Akafungua mkono wa kwanza. Beringi, kipande cha chuma kilichopindwa nusu duara, chepesi kama ganda, ilitoka ikiwa ya kijivu, laini, safi kama sahani iliyooshwa. Ya pili, safi. Ya tatu alitarajia ndiyo, kwa kuwa ilikuwa chini ya nozeli mbovu. Safi. Juu ya shimo aliona viatu vya safari vya dada yake havijasogea. Ya nne, safi. Alifumba macho kidogo, akapumzisha paji la uso kwenye chuma.

Boliti za mkono wa tano zilitoka kwa urahisi. Alipogeuza beringi kwenye mwanga, rangi ya kijivu ilikuwa imekwisha katikati, shaba imetokeza chini yake nyekundu kama kidonda, na ukingo mmoja umeanza kumomonyoka. Aliitazama, akakaa chini kwenye sakafu yenye oili. Hakufurahi. Alikuwa ameijua sauti hii tangu zamani. Hakukosea kuisikia wakati ule. Alikosea kuidharau.

Akaiinua juu ya kichwa bila kusema. Mkono wa dada ukaipokea.

Alipotoka, dada alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye sehemu iliyolika, mbele na nyuma.

"Hii ingenifikisha wapi?"

"Sijui. Labda ungepanda na kurudi salama mara tano. Labda isingefika nusu ya mlima."

Dada akamrudishia. Hakumshukuru, wala hakumlaumu. Alivaa leso yake, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani, akitembea katikati ya njia mpaka baiskeli moja ikampigia kengele.

Saruji ilikwenda na lori lingine. Rudia aliufunga mlango wa gereji kwa wateja. Alimleta fundi wa kupima vyuma, naye fundi huyo akakagua shafti kubwa ya injini, akakuta haijachimbika sana, akaisugua mpaka ikang'aa. Rudia akabadilisha beringi zote, na pampu ya oili pia, ingawa haikuwa na kosa alilolijua. Asubuhi tatu mfululizo fundi wa pampu aliiwasha ikiwa baridi huku Rudia akiwa shimoni na bisibisi sikioni. Kimya. Asubuhi ya nne dada alikuja kulichukua. "Shikamoo dada," alisema. "Marahaba," dada alijibu, akapanda, akaondoka.

Siku hiyo hiyo alimwambia mkewe yote. Mkewe alilia, kisha akakasirika, si kwa kosa lenyewe, kwa kulalishwa miaka yote kitanda kimoja na siri ya namna hiyo. Alimwambia mbu ndio walioharibu nyumba yao. Hata katika hali ile walicheka kidogo, wakanyamaza tena.

Miezi miwili ilipita. Dada hakupiga simu wala hakukanyaga kwao. Siku za safari Rudia aliacha kazi na kusimama kando ya barabara mpaka aone lori la saruji likirudi, ndipo arudi kwenye spana zake. Madereva waliona, wakataniana kwamba Rudia sasa anahesabu magari.

Kisha alasiri moja alikuja mpwa wake, binti mkubwa wa dada, aliyekuwa akisomea uuguzi. Alimwamkia mjomba wake kwa heshima, akaketi juu ya tairi, mikono yake miwili magotini.

"Mama ametuambia," alisema. "Akasema mwenye swali aje akuulize mwenyewe."

Rudia alifuta mikono ingawa haikuwa na mafuta. "Uliza, mwanangu."

"Siku ile baba alipotoka hapa na lori. Alikuwa na wasiwasi?"

Ungekuwa mwanya mzuri wa kusema uongo, na uongo wenyewe ungempunguzia mzigo: kwamba baba alisita, kwamba alijua, kwamba aliamua mwenyewe. "Hapana," alisema. "Alikuwa anapiga mluzi. Nilipomwambia ni baridi, alinipiga bega, akasema shemeji amesema, basi. Aliniamini."

Binti aliinamisha kichwa. Alilia bila sauti, kwa muda, na mjomba wake alisimama pale asijue kama anaruhusiwa kumgusa. Mwishowe binti mwenyewe alimshika mkono, akaubana kwa nguvu mpaka ukauma, akauachia. Akasimama, akajipangusa.

"Mama anauliza, Jumamosi upo? Lori linataka kubadilishwa oili."

"Nipo."

Jumamosi dada aliingia na lori, akalizima, akashuka. Aliketi kwenye benchi, akafumba macho, maana alikuwa ametoka safari. Rudia alifanya kazi polepole, dada hakumhimiza. Oili ya zamani aliichuja kwa kitambaa cheupe, akamwonyesha kitambaa: safi. Dada alitikisa kichwa kukubali. Alipokuwa anapanda kuondoka, alisimama mguu mmoja kwenye ngazi, bila kumtazama.

"Wifi hajambo?"

"Hajambo, dada."

"Mwambie nitapita kesho," alisema, akavuta mlango.